Fremu ya Inchi Ishirini na Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Wanzagi kahamishiwa Mwanza. Kiti cha mwenyekiti wa Klabu ya Baiskeli Nyakato (Nyakato yetu hii, si ile ya Mwanza) kiko wazi! Tumekubaliana: Jumamosi tunaendesha hadi Butiama, na yeyote atakayetangulia kufika sokoni ndiye mwenyekiti. Mwenyekiti huvaa filimbi. Nimeitamani filimbi ile tangu siku ya kwanza.

Mpinzani ni mmoja tu, Makoye wa Kitaji. Ana baiskeli ya milimani, fremu inchi kumi na tisa. Mimi nina ile nyeusi ya kubebea mizigo. Lazima ninunue ya milimani, na iwe kubwa kuliko ya Makoye.

Jumanne, 4 Juni
Gibson, muuza baiskeli za mtumba pale Nyasho, kasema fremu huchaguliwa kwa urefu wa mguu. Akatoa futi anipime mbele ya watu. Nikakataa. Mgombea hapimwi barabarani!

Nikaenda kwa Mwanahalima, fundi cherehani, nikajifanya nataka suruali. Kapima. Inchi thelathini na nane! Nilijua nina miguu, sikujua ni mirefu kiasi hicho. Nikamwambia nitarudi na kitambaa. Akasema wateja kama mimi anatujuaga.

Gibson aliposikia thelathini na nane alinitazama juu hadi chini. Haikumchukua muda. Akasema kwa mguu huo ni ishirini na mbili, ila je, nina uhakika? Nikamuuliza kama anafanya biashara au upelelezi. Nimenunua. Nyekundu!

Alhamisi, 6 Juni
Mazoezi. Kupanda si tatizo, nikisimama kwenye ngazi ya mlango. Kushuka ndiyo kazi. Miguu haifiki chini. Nimezunguka Nyakato nzima nikitafuta pa kuangukia, mpaka nikaona lundo la mchanga la jirani. Bomba la juu la fremu limenigonga mahali ambapo sitapaandika hata humu.

Prudence, mke wangu, kacheka mpaka kakalia ndoo. Akauliza nilipimwa wapi. Nikamwambia. Akacheka upya. Eti fundi wa nguo hupima kwa nje, kuanzia kiunoni, na hapo kaongeza na ya kupinda pindo. Mguu wa baiskeli hupimwa kwa ndani, kuanzia msambani. Akasema, Baba Maige, umenunua baiskeli ya suruali.

Kisha akaipanda yeye. Nyayo zote mbili chini! Lakini Prudence ni mtu wa Bunda, na kwao hata bibi yao huchungulia juu ya ukuta. Nimemwamuru ashuke.

Nina mpango. Anayeongoza hana sababu ya kusimama. Kwa hiyo sitasimama.

Jumamosi, 8 Juni
Niliondoka kutoka juu ya jiwe. Nikaongoza! Makoye nyuma, wengine nyuma ya Makoye, na nyuma kabisa Prudence na ile nyeusi ya mizigo. Kasema lazima awepo mtu wa kunibeba kurudi.

Karibu na njia panda ya Butiama, ng'ombe wakavuka barabara. Wengi, na hawana haraka. Wenzangu wote wakasimama, mguu mmoja chini, wakapiga soga. Mimi nikazunguka. Nikazunguka tena. Mchungaji wao akaniuliza kama naumwa. Nikazunguka mpaka kichwa nacho kikazunguka, nikaingia moja kwa moja kwenye marobota ya pamba yanayosubiri gari.

Makoye alipopita alisema pole. Pole ile iliniuma kuliko goti.

Prudence akafika. Akaninyofoa pamba kichwani, akanitazama goti, akasema nitapona. Akainua nyekundu, akanikabidhi nyeusi. Nikamuuliza anakwenda wapi. Alikuwa ameshakwenda.

Nilipofika Butiama, Makoye alikuwa amelala chali sokoni akihema. Filimbi ilikuwa shingoni mwa mke wangu. Niliona wivu mpaka macho yakaniwasha. Halafu akaipuliza, na mimi nikapiga makofi kuliko wote. Sijui kwa nini.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani wote wanamsalimia Mama Mwenyekiti. Mimi wananipa pole ya goti.

Gibson kajitolea kunibadilishia ile nyeusi ya mizigo. Kanipima kwa ndani, safari hii chumbani, mlango umefungwa. Kasema saizi yangu ni kumi na tano, na nitaendesha mpaka Bunda bila shida. Prudence kaunga mkono. Hata Makoye kaunga mkono, hakuna aliyemuuliza.

Kumi na tano! Mke ana ishirini na mbili, mume kumi na tano, nyumba moja! Majirani wataanza kumletea yeye barua zangu.

Nimefikiri kwa utulivu. Fremu haikuwa na kosa. Kosa ni la ng'ombe. Na nyuma ya banda la Gibson nimeona ishirini na tatu, ina vumbi, hakuna aliyewahi kuifikia. Kesho asubuhi naiwahi, kabla Prudence hajaijaribu.