Kamati ya Kumchagua Mlinzi wa Bure

Idara yetu ina furaha kuutangazia umma kwamba, baada ya vikao kumi na vinne, imefanikiwa kuchagua kitu ambacho hakiuzwi.

Kitu chenyewe ni programu ya kulinda mafaili kwenye seva. Huchukua alama ya kila faili, kama ya kidole. Mtu akigusa hata nukta, inamtaja yeye na saa aliyogusa. Fundi wa kompyuta alileta tatu, zote za bure, akasema anaweza kuweka yoyote kabla ya chai. Mkurugenzi akamtazama kwa huruma. Kitu cha bure, alifafanua, kinataka umakini zaidi, maana hakina wa kulalamikiwa. Ikaundwa kamati, yeye akiwa mwenyekiti. Mimi, karani wa muda kwa mwaka wa sita, nikateuliwa kuandika kumbukumbu, kwa muda.

Ya kwanza ilikataliwa kwa kuandika kwenye kioo cheusi, kama iko msibani. Ya pili ilitoa taarifa mia mbili kwa siku moja. Kamati ikaona ina mdomo. Ya tatu ilikaa kimya hadi jioni. Ikapita.

Mtunza stoo akahofu mafundi wataficha taarifa. Ndipo Mkurugenzi akatunga kanuni: kila taarifa itachapwa, itiwe kwenye bahasha, ipigwe mhuri, kisha yeye mwenyewe aifungue kikaoni na kuisoma kwa sauti bila kuruka neno, na faili lirudishwe lilivyokuwa hapo hapo. Tulipiga makofi. Niliandika, "Makofi."

Faili la majaribio likawa orodha ya watakaopewa ajira ya kudumu. Jina langu lilikuwa la nne. Nyumbani nilikuwa nimeshamwambia binti yangu kwamba mama hatakuwa wa muda tena, naye akauliza kama siku zote hizi nilikuwa mama wa muda.

Alhamisi orodha ikabandikwa ukutani. Wa nne alikuwa shemeji yake Mkurugenzi.

Nilipokwenda kumuuliza, Mkurugenzi alinijibu kwa upole. "Mama, kompyuta hizi zina mambo yake. Vumilia."

Fundi alinikuta kwenye korido najifuta macho. "Dada, tulia," alisema. "Bahasha imeshapigwa mhuri."

Katika kikao cha kumi na tano, Mkurugenzi alivaa miwani, akachana bahasha, akasoma kwa sauti ya kutangaza. "Faili: orodha ya ajira. Limebadilishwa Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mstari wa nne umefutwa na kuandikwa upya. Aliyebadilisha..."

Akakohoa. Akageuza karatasi, labda nyuma kuna jina lingine.

"Bila kuruka neno, mzee," alisema mtunza stoo, mtu anayependa kanuni.

Akasoma jina lake lote, pamoja na cheo, maana mwenyewe ndiye aliyeagiza aandikwe hivyo kwenye seva. Fundi akabonyeza kitufe kimoja. Nikarudi wa nne.

Kamati ikaamua kumbukumbu za vikao nazo zilindwe kuanzia dakika ile. Mkurugenzi akaomba udhuru. Nikaandika, "Mwenyekiti ametoka nje kwa muda." Nikafikiri kidogo, nikafuta "kwa muda".

Programu imenitaja, jina kamili na saa.