Maombi ya Hati Miliki ya Mahali Kinapokaa Kiti Changu

Kwako Ndugu Msajili wa Hati za Ardhi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na umeketi. Kama umeketi, tafadhali usiwe na haraka. Tazama kwanza kiti chako kilipo, halafu jiulize kama jana kilikuwa hapo hapo. Ikiwa jibu ni ndiyo, basi wewe ni mtu mwenye bahati, nami ninayekuandikia sina bahati hiyo.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu wa ofisi yako hiyo hiyo. Huenda hunikumbuki. Siku nilipokuwa nikitoka na saa ya ukutani niliyopewa na wenzangu kwa kuniaga, wewe ulikuwa ukiingia na begi jipya, tukapishana, nawe ukanishikia mlango. Sijausahau uungwana ule. Ukiona jiwe la mpaka limesimama wima sehemu hizi, ujue nililisimika mimi. Likiwa limelala, waulize walionifuata.

KUHUSU: OMBI LA KUMILIKISHWA KIWANJA KILICHOMO NDANI YA SEBULE

Naomba nieleze taratibu, kwa sababu jambo lisipoelezwa taratibu hugeuka kuwa ugomvi.

Ninacho kiti cha mbao chenye mikono mipana, upande mmoja unatosha kikombe cha chai na upande wa pili gazeti. Alikitengeneza jirani yetu seremala, tunayemwita Msumari kwa sababu haamini gundi. Tangu wanetu hawajaota meno, kiti hicho kimekaa kwenye kona ya sebule, kando ya kabati la vyombo. Ukikaa pale unaona mlango wa mbele, mlango wa jikoni na dirisha la barabarani bila kugeuza shingo. Wewe ni mtu wa fani, utanielewa nikisema ni mahali pa kusimamisha chombo mara moja na kupima pande zote.

Ili upate ramani kamili: mke wangu hukaa kwenye kochi refu, mwisho ule ulio karibu na jikoni, ili sufuria isimtoroke. Kona yangu iko kushoto kwake. Dirisha liko kulia kwake, na hapo dirishani ndipo ilipokuwa redio, juu ya stuli yake. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyopangwa, na haukuwa na mgogoro.

Nilipostaafu, meza yangu ofisini alipewa mtu mwingine. Sikulalamika, ni utaratibu. Nilijua kwamba nimebakiwa na mahali pamoja duniani ambapo naweza kuonyesha kwa kidole na kusema, hapa ni pangu. Sasa hapo napo pamechukuliwa. Mimi niliyewagawia watu viwanja maisha yangu yote, ndugu yangu, sina pa kukaa katika nyumba niliyoipima kwa mkono wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilihamishwa bila notisi. Asubuhi moja nilitoka kwenda kununua gazeti. Nilirudi nikilisoma huku nikitembea, kama ilivyo kawaida yangu, nikageuka pale ninapogeukia siku zote, nikakaa. Nilikaa juu ya redio. Redio nayo kwa mshtuko ikaruka kutoka taarifa ya habari hadi muziki wa dansi, ikapaza sauti mpaka majirani wakadhani tuna sherehe. Mke wangu alichungulia kutoka jikoni akasema, "Taratibu, Baba Watoto, hapo ni pa redio siku hizi." Siku hizi! Nilikuwa nimetoka kununua gazeti tu, sikuwa nimesafiri. Kiti changu nilikikuta dirishani.

2. Nilijaribu njia zote za amani. Nilikirudisha kiti kwenye kona na redio dirishani. Nilipotoka kunawa mikono, vilikuwa vimebadilishana tena. Nikachora mipaka ya miguu ya kiti kwa chaki, mipaka safi ambayo hata wewe ungeipigia muhuri. Mke wangu akapiga deki. Nikachora kwa rangi ya mafuta. Akatandika zulia. Mwisho nikakifunga kiti kwa kamba kwenye mguu wa kabati la vyombo, kwa fundo ambalo tulilitumia kazini kwenye miteremko, nikaenda kwa Msumari nikiwa nimetulia moyo. Niliporudi nilikuta kiti kiko dirishani, na kabati limekifuata. Vikombe vyote vilikuwa salama ndani yake. Hadi leo sielewi alifanyaje, na nikimuuliza anasema tu, "Ulifunga vizuri kweli, mume wangu."

3. Usuluhishi ulishindikana. Binti yetu kitindamimba, ambaye ni muuguzi, alikuja kutusikiliza. Nilimweleza tofauti kati ya kiti na mahali pa kiti, tangu msingi wake. Nilipofika kwenye mfano wa tatu aliangalia saa yake, ile ya kifuani wanayopimia mapigo ya watu, akasema, "Baba, kiti ni kiti." Hivi ndivyo vijana wetu wanavyohudumia wagonjwa, Ndugu Msajili. Basi nikamwita Msumari kama shahidi, kwa kuwa ndiye aliyekileta kiti na kukiweka konani siku ya kwanza. Akakizunguka, akakigonga gonga, akatamka, "Mzee wangu, mimi nilitengeneza kiti. Kona sikutengeneza." Kisha akakikalia, akaletewa chai, akapongezwa na mke wangu kwa busara, na akakaa hapo mpaka chai ya pili. Naomba hilo nalo liandikwe kuwa ni uvamizi.

4. Nimepoteza utulivu wa kusoma. Pale dirishani kila apitaye ananisalimia, nami siwezi kunyamaza. Nikimaliza kumuuliza muuza mayai habari za watoto, mashamba na magoti yake, nimeshasahau kama serikali niliyokuwa nikisoma habari zake ilikuwa yetu au ya watu wengine.

5. Hili ndilo zito kuliko yote, na nakuomba ulisome ukiwa peke yako. Kiti kuhamishwa kumevunja maelewano ya ndoa yangu.

Mimi ni mtu wa kueleza mambo. Kutoka kwenye kona yangu nilimweleza mke wangu, miaka nenda miaka rudi, jinsi kilima kinavyopimwa bila kukipanda, kwa nini maziwa hufurika ukiyapa kisogo, na kwa nini binti yetu asinunue meza ya kioo. Naye alikuwa akishona au akichambua mboga, redio ikiunguruma ubavuni pake, akiitikia kwa upole: "Ehe." "Kumbe." "Ndiyo, ni kweli." Hakuwahi kunipinga hata kwa neno moja. Wenzangu ofisini walikuwa wakilalamika juu ya wake zao, mimi nikibaki kuwahurumia.

Tangu nihamishiwe dirishani, mke yule yule ananibishia! Nilimweleza kwamba bomba la jikoni linavuja kwa sababu ya msukumo wa maji kutoka mlimani. Akasema, "Linavuja kwa sababu ulilifunga wewe, na ulifunga kinyume." Nikaenda kuangalia ili nimwonyeshe alipokosea. Sitaeleza nilichokiona, kwa kuwa hakihusiani na ombi hili. Nilimweleza kwamba barabara ya sokoni ni fupi ukipitia mtaa wa nyuma. Akanikumbusha kwamba mtaa huo una ukuta siku hizi. Juzi nikamsimulia kisa cha bata mzinga aliyenifukuza na darubini yangu begani mpaka nikaangukia kwenye shimo la jiwe la mpaka nililolichimba mwenyewe. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa alichokuwa akikishona. Nakiri kicheko kile kilinifurahisha, sikuwa nimekisikia siku nyingi. Lakini alipopata pumzi aliniambia, "Mbona kisa hiki hukuwahi kunisimulia?"

Hukuwahi! Ndugu Msajili, kisa cha bata mzinga nimemsimulia kila mwaka tangu harusi yetu, na mwaka mwingine zaidi ya mara moja kama kulikuwa na wageni. Ni dhahiri kwamba mahali pale dirishani pana kasoro. Huenda ni upepo, huenda ni mwinuko wa sakafu. Nimeipima sakafu na sijaona kitu, lakini mtu mwenye vifaa bora zaidi angeona.

Kwa hiyo naleta maombi yafuatayo:

(a) Nipewe hati miliki ya kiwanja cha konani, ukubwa wake ukiwa ni kiti kimoja pamoja na nafasi ya kunyoosha miguu.

(b) Yasimikwe mawe ya mpaka kwenye pembe zote, kwa saruji. Kuchanganya nitachanganya mwenyewe.

(c) Nipewe haki ya njia kutoka kwenye kiti hadi kwenye birika la chai, na njia hiyo isizibwe na ndoo, ufagio, wala wajukuu.

(d) Hati iguse pia anga lililo juu ya kiti hadi darini, maana nimesikia fununu za chungu cha maua cha kuning'inia.

(e) Redio ipigwe ile alama nyekundu ya kubomolewa. Si lazima ibomolewe. Inatosha ijione.

Najua utauliza kama nikipewa mimi, wengine hawataomba. Wataomba, na ndilo jambo jema! Wake wataomba jiko, wajukuu wataomba upande wa kitanda usio wa ukutani, paka ataomba kizingiti cha dirisha kupitia mwakilishi. Itabidi uanzishe Idara ya Sebule, yenye wapima wake na magari yake. Kila nyumba itatundika ramani mlangoni, na mgeni akifika atasoma kwanza ajue akae wapi bila kuhamisha mtu. Migogoro itakwisha kutoka chumbani hadi barazani. Mimi niko tayari kurudi kazini kuiongoza idara hiyo, mradi kiti changu cha ofisini kisihamishwe.

Naomba uamuzi wa haraka, kwani hali si nzuri. Leo asubuhi mke wangu na binti yetu wametoka wamevaa nguo za kutokea, bila kuniambia waendako. Nimeuliza, nikaambiwa, "Tunaenda kuangalia kitu." Nahofia wamekwenda kuangalia kiti kingine, kile kidogo cha plastiki cha kuwekea mzee barazani, pamoja na saa yake ya ukutani.

Nisalimie wote hapo ofisini: karani wa masjala, dereva, mlinzi wa getini, mama anayeleta chai, na bwana yule aliyerithi meza yangu. Mwambie droo ya chini haivutwi kwa nguvu, huinuliwa kidogo kwanza. Amekuwa akihangaika nayo bure.

Ni mimi, mtiifu kwa kila mpaka uliowekwa kihalali,

Mpima Ardhi Mstaafu
(kwa sasa niko kwenye stuli ya jikoni)

Nyongeza: Nilikuwa nikilamba bahasha waliporudi. Hawakwenda kuangalia kiti. Binti yetu alimpeleka mama yake hospitali kuangaliwa masikio. La kushoto halisikii, na halijasikia kwa muda mrefu sana. La kulia ni zima kabisa.

Mke wangu alininyang'anya barua hii mkononi akaisoma akiwa amesimama, na alipofika kwenye bata mzinga alilazimika kushika kabati. Kisha akaniambia, "Baba Watoto, ulipokuwa kule konani, mimi niliona mdomo unakwenda tu. Nikawa naitikia. Sikio zima nililipa redio miaka yote hiyo, maana wewe ulikuwa kutwa kazini. Sasa umerudi nyumbani. Redio nimeisikiliza vya kutosha, nikasema zamu hii ni yako."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Ningekwambia, ungenieleza sikio linavyofanya kazi." Ndugu Msajili, nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nimekifunga.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Redio ibaki konani, na ile alama nyekundu isipigwe. Badala yake naomba hati ya kiwanja kingine, chenye mpaka mmoja tu: upande wa kulia wa mke wangu, popote pale atakapokaa, iwe sebuleni, jikoni, barazani au kwenye benchi la hospitali. Mawe hayahitajiki. Najua sheria yetu haitambui kiwanja kinachotembea. Basi sheria irekebishwe, mimi nitasubiri hapa dirishani.

Ila usitume mtu kupima wiki hii, tutakuwa na shughuli. Amezima redio, amemimina chai, na ameniamuru nianze upya kueleza kila kitu tangu siku ya harusi, kwa kuwa kwa kila kitu, anasema, yeye ana jibu lake.