Jina Langu Si Kitenzi

Kwa Mwalimu Mkuu, Bi. Jescah Shikanga,
Shule ya Upili ya Mukhonje,
Kakamega.

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

KUH: FILAMU YA WANAFUNZI KUHUSU SHENG, AMBAYO NAKUOMBA UIZIME KABLA YA JUMAMOSI

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili; heshima ndiyo inayougua. Kama ujuavyo, chama chetu cha filamu, kikiongozwa na Gentrix wa Kidato cha Tatu, kinapanga filamu ya hali halisi kuhusu lugha ya vijana. Wataanza kurekodi Jumamosi pale Amalemba, na kilichobaki ni sahihi yako tu. Nakusihi kalamu yako iishiwe na wino. Sababu zangu ni hizi:

1. Sheng si lugha. Ni Kiswahili kilichotoroka shule kupitia tundu la ua. Hakina ngeli, hakina adabu, na kila ukikaribia kukijua, wenyewe wameshahama. Niliwahi kuingia darasani nikawasalimu "Niaje", wakanitazama kama mtu aliyevaa koti la marehemu babu yake. Kukitengenezea kitu hiki filamu ni sawa na kumpiga picha ya harusi paka aliyeiba nyama.

2. Neno la kwanza katika filamu hiyo, lililopewa sehemu nzima, ni "kufanua". Kwa mujibu wa mpango wao, maana yake ni kumwahidi mtu jambo kisha usilitende. Mfano waliotoa: "Manze, alisema atakuja na mpira, kumbe alinifanua tu." Wanadai neno limezaliwa na wazazi wawili: jina langu, Phanuel, na kauli yangu ya darasani, "Nitafafanua baadaye." Jina hilo ni la Biblia, Mwalimu Mkuu. Maana yake ni uso wa Mungu. Sasa uso huo unatumiwa na mtu ambaye hakuleta mpira.

3. Hata hilo neno lenyewe waliliandika vibaya. Mpango uliletwa mezani kwangu niukague, nikakuta "alifanuwa" na "tulifanuiwa". Mimi ni mwalimu; siwezi kuliona kosa nikalipita kama mtu aliyeona ng'ombe wa jirani ndani ya mahindi akanyamaza. Nilichukua kalamu nyekundu nikawanyambulia: fanua, fanuliwa, fanuana, fanulika. Mtendaji: mfanuzi, wafanuzi, ngeli ya A-WA. Tangu siku hiyo neno limenawiri. Zamani lilikuwa likichechemea. Sasa linatembea kwa miguu yote, tena miguu niliyolipatia mimi. Lawama naielekeza kwao kwa kuniacha nilione.

4. Neno limeruka lango. Nililisikia Lurambi kwa mtu wa bodaboda, nikasema huyo ni kijana, atakua. Lakini juzi mama yangu alinipigia simu kutoka Shinyalu, ambako nilimwahidi mabati ya jikoni. Akasema, "Wewe Phanuel, utanifanuanga mpaka lini? Mvua inanyeshea obusuma, ugali unageuka uji." Amelichukua kwa wajukuu. Mwanamke huyu ndiye aliyenipa jina hilo. Nilipomweleza neno limetoka wapi, alicheka mpaka simu ikakatika, kisha akapiga tena kuulizia mabati.

5. Jumapili mchungaji wetu alitangaza kutoka mimbarini, "Ndugu zangu, binadamu atakufanua, lakini Mungu hafanui." Kanisa likaitikia Amina. Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni mke wangu, Rosebella, na hakuwa akimtazama mchungaji.

6. Haki iko wapi? Mwalimu Jairus wa Hisabati hufuta ubao kabla watoto hawajanakili hata mstari, na hana kitenzi. Wewe mwenyewe, kwa heshima zote, huanza hotuba ya gwaride kwa maneno "kwa ufupi", na jua hutukuta papo hapo likatuacha papo hapo. Nawe huna kitenzi. Mbona nisulubiwe mimi peke yangu kwa ajili ya chumba kizima cha walimu?

7. Hili ndilo linaloniuma. Gentrix alipokuwa Kidato cha Kwanza aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, haya maneno yetu ya mtaani hutoka wapi?" Sikujua. Nikamwambia nitafafanua baadaye. Msichana amengoja mpaka amechoka, na sasa anataka kwenda kujifafanulia mwenyewe kwa kamera. Tukiwaruhusu wanafunzi wajifafanulie, mimi nitabaki na kazi gani? Filamu ikipendwa, itafika tamasha la kitaifa. Nitastaafu, nitazikwa, na mtoto wa mbali huko atalalamika kwamba amefanuliwa, bila kujua kuwa palikuwa na mtu, tena mtu aliyempenda kila mwanafunzi wake.

Kwa hivyo naomba filamu izimwe na neno lipigwe marufuku shuleni. Yakishindikana hayo, nihamishiwe kaunti ambako watu wangali wanadanganyana kwa Kiswahili sanifu.

Nisalimie mumeo, Bwana Philip, wapishi wote, na Mwalimu Jairus, ila barua hii asionyeshwe.

Ni mimi mtumishi wako, nomino ya pekee na si kitenzi,

Phanuel Makhanu,
Mkuu wa Idara ya Kiswahili.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Gentrix amepita hapa ofisini. Anasema ile sehemu ya kwanza haina mtu wa kueleza neno lilivyozaliwa, na kwamba hakuna mwingine ajuaye vizuri kama mimi. Amesema, "Mwalimu, hii ndiyo ile baadaye." Rosebella ameshaambiwa apige pasi shati langu la buluu. Tafadhali weka sahihi leo hii, maana nakujua wewe na "nitaangalia" yako. Usinifanue.