Mashua Nyekundu ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimejitolea! Baba mkwe, seremala mstaafu, amemaliza kuchonga mashua ya mbao, ndogo ya kukaa mezani. Ameichonga kwa kupapasa, maana macho yanamwishia. Anataka ipakwe rangi nyekundu hadi ing'ae, aione kabla macho hayajazima kabisa. Shemeji, kaka wa mke wangu na fundi wa kupaka magari rangi, alikuwa keshafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema Jumapili itakuwa tayari. Akaniuliza kama najua msasa ni nini. Dharau!

Jumanne, 4 Machi
Shemeji anadai rangi hupakwa nyembamba, ikauke, isuguliwe, ipakwe tena. Anajitafutia umuhimu tu huyo. Mimi nimepaka mara moja, nzito ya kutosha. Akili kichwani! Jioni ikaanza kuchuruzika. Nikaipuliza kwa mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele. Ikajikunja kama utandu wa maziwa. Mke wangu akauliza nini hiki. Nikamwambia ni mawimbi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema jana baba yake alimimina chai nje ya kikombe. Hatukucheka tena.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa shemeji kwa ujanja. Nikasema nina rafiki mwenye mashua. Akasema huyo rafiki aibandue rangi yote, asugue kwa msasa wa maji, afute vumbi, apake nyembamba, aifunike kwa boksi. Halafu akae nayo mbali! Akanipa na msasa nimpelekee rafiki. Sidhani kama alinishtukia. Nimesugua mpaka vidole vimetoka malengelenge.

Jumamosi, 8 Machi
Inang'aa! Nimeiona pua yangu ubavuni mwa mashua. Nikaifunika. Nikaifunua kuona kama imekauka. Nikaifunika. Nikaifunua tena, nikagusa kidogo tu. Alama ya kidole! Nikasugua, nikapaka upya. Mke wangu amelifungia boksi zima kabatini, na ufunguo hasemi uko wapi.

Jumapili, 9 Machi
Niliwatangazia wote: kutazama tu, bado mbichi. Mke wangu akaishika kwa chini, akaisogeza dirishani. Baba mkwe akainama mpaka pua ikakaribia. Kisha akasema anaiona. Nyekundu ndiyo rangi pekee ambayo bado inamjia vizuri. Alifurahi, akasahau, akaweka dole gumba ubavuni. Likazama. Akauliza kama ameharibu. Nikasema hapana, Baba, imekauka. Shemeji akatoa msasa mfukoni. Nikamkanyaga mguu. Akanitazama, akaurudisha. Alama hiyo haisuguliwi na mtu! Nililia jikoni, nikasingizia harufu ya rangi. Shemeji naye akaja, akasingizia harufu hiyohiyo.

Jumanne, 11 Machi
Nimejifunza. Subira, rangi nyembamba, mikono mbali. Leo jioni baba mkwe anakuja kula kwetu. Nikawaza: kama nyekundu anaiona, basi kiti chake kiwe chekundu, akifikie mwenyewe bila kushikwa mkono. Nimekipaka mchana huu. Mara moja, nzito ya kutosha. Shemeji asiambiwe. Nikakikalia kidogo tu, kuhakikisha kimekauka.

Naandika haya nimesimama. Suruali bado imekaa kitini.