Baada ya Nukta

"Umma wa Makambako unatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, upendeleo umefutwa rasmi."

Tangazo hilo Tarsis aliliandika mwenyewe ofisini Njombe, akalisoma, akalipenda. Yeye ndiye Mratibu wa Mamlaka ya Vizimba na Mpangilio, na ndiye aliyebuni kwamba vizimba vya soko jipya vigawiwe kwa mfumo wa kompyuta. Atakayewahi kutuma ombi atapata kizimba cha getini, pale abiria wanaposhukia. Wengine watafuata kwa zamu hadi kile cha mwisho kabisa, ukutani mwa choo. Mfumo ungefunguka saa mbili kamili asubuhi, na mambo ya mjomba na shangazi yangeishia hapo.

Kwamba mkewe Zita angetuma ombi kutoka kompyuta ya ofisini, iliyofungwa kwa waya kwenye seva yenyewe, wakati wenzake wakihangaika na simu, hilo Tarsis hakuliona kuwa upendeleo. Aliliita jaribio la mfumo. Zita alikitaka kizimba cha getini kwa ajili ya vitenge vyake tangu msingi ulipochimbwa, na Tarsis alimwogopa Zita kuliko alivyomwogopa Mkurugenzi.

Makambako nako alikuwapo Beatrisi, muuza viazi, aliyechoka kupanga mafungu yake kwenye tope. Beatrisi aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika, na wauzaji karibu wote walikuwa wanakwaya wenzake. Jumatatu asubuhi walisimama nje ya kanisa, simu mkononi. Mwalimu wa kwaya akainua mkono kama anayeanzisha wimbo, akaushusha, na sauti zote nne zikabonyeza pamoja.

Jioni yake Festo, fundi wa mfumo, akaja kwa Tarsis na swali. Seva ilikuwa imepokea muda wa kila ombi kwa sekunde na vipande vya sekunde, vile vinavyoandikwa baada ya nukta. Ila kanzidata kuu, ile inayogawa vizimba, ilitengewa nafasi ya sekunde nzima tu. Je, aipanue nafasi hiyo, au vipande avikate?

Kabla ya kuwa Mratibu, Tarsis alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Nukta aliijua vizuri sana. Akamweleza Festo, kwa upole wa mtu aliyesahihisha insha nyingi, kwamba msomaji akifika kwenye nukta hupumzika.

"Baada ya nukta hakuna neno," alisema. "Kata."

Festo akauliza itakuwaje watu wakilingana. Tarsis akaamuru ifuatwe alfabeti, kama darasani. Kisha, ili jambo lisibaki maneno matupu, akatoa waraka wenye mhuri: vipande vya sekunde ni uchafu wa kimfumo, na mtumishi atakayeviingiza kwenye kanzidata atachukuliwa hatua. Mkurugenzi akausifu waraka, ukabandikwa hadi kwenye geti la soko. Festo akapakia maombi kama alivyoagizwa.

Alhamisi matokeo yakasomwa sokoni kwa kipaza sauti. Tarsis alikaa meza kuu na suti yake, kando ya Mkurugenzi. Zita alikaa mbele kabisa, kufuli jipya la kizimba likiwa mapajani.

Kizimba cha getini kikaenda kwa Beatrisi. Cha pili kikaenda kwa Dorika, cha tatu kwa Eveline, na kwaya ikaendelea kuteremka herufi kwa herufi. Sekunde ile moja ya kwanza ilikuwa imemaliza soko zima. Cha mwisho, cha ukutani mwa choo, akapewa Zita.

Zita alimtazama tu mumewe, na mumewe akajikuta amesimama na kipaza sauti mkononi. Akaueleza umma kwamba pametokea changamoto ndogo ya kimfumo. Yupo mwombaji aliyewatangulia wenzake wote kwa kipande cha sekunde, na ushahidi uko kwenye seva.

Beatrisi akasimama kwa adabu zote, akamwamkia kwa Kibena. "Kamwene, baba Mratibu. Hicho kipande kimeandikwa wapi?"

"Baada ya nukta," Tarsis akajibu, kabla hajajizuia.

Mkurugenzi akageuka, akautazama waraka pale getini, akamtazama Tarsis. "Na baada ya nukta kuna nini, Mratibu?"

"Hakuna neno, Mkurugenzi."

Mkurugenzi akauliza kama angependa ichunguzwe huyo mwombaji mwenye mbio alitumia mashine gani. Tarsis akasema hakuna haja, mfumo uko vizuri sana, akaketi. Kwaya ikaimba.

Waliporudi Njombe, nyumbani kwao mtaa wa Ramadhani, Tarsis alinawa mikono, akakaa mezani akasubiri. Meza ilikuwa tupu. Alikohoa kidogo, kisha akauliza kama chakula kipo.

"Kipo," alisema Zita, akilifuta kufuli lake vumbi. "Kiko baada ya nukta."