Malalamiko Kuhusu Kunichagulia Brashi Yangu ya Kwanza ya Hewa

Kwa Mheshimiwa Mjomba,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kunichagulia Brashi,
Gereji ya Rangi za Magari.

YAH: KUKUOMBA UJIUZULU KWA HIARI YAKO

Shikamoo Mjomba. Natumaini kifua hakikubani tena, na kwamba barua hii imekukuta umekaa.

Unajua kwamba Mama amekubali ninunuliwe brashi ya hewa, ile ndogo kama kalamu inayopuliza rangi laini, ili nimalize ndege yangu ya plastiki kabla ya maonyesho ya shule Ijumaa ijayo. Alikukabidhi uchaguzi kwa kuwa wewe ni fundi rangi. Kwa heshima zote, nalalamika ifuatavyo:

1. Ulisema brashi ni anasa, mashine yako ya kupulizia magari rangi inatosha. Ndege yangu ina urefu wa kiganja. Ulipoipulizia, iliruka kwa mara ya kwanza tangu niiunde, ikatoka nje kupitia dirishani. Tuliikuta kwenye shuka la jirani lililoanikwa. Rangi iliyobaki ilimpata paka wetu, ambaye mpaka leo ni wa rangi ya fedha upande mmoja. Ukasema, "Si umeona inaruka?" Sikucheka.

2. Dukani tulionyeshwa brashi mbili. Ya kwanza ukibonyeza, hewa na rangi hutoka pamoja. Ya pili unabonyeza kupata hewa, kisha unavuta kitufe nyuma kupata rangi kadiri unavyotaka. Nikaitaka ya pili. Wewe ukamuuliza muuzaji inamaliza boneti kwa dakika ngapi. Yule baba alinitazama kwa huruma ambayo sijaisahau.

3. Ukaamua ninunuliwe ya kwanza, eti "mtoto wa kike vidole vitamchanganya." Mjomba, vidole hivi ndivyo vinavyokutoa vibanzi vya mti mkononi. Ndivyo vinavyokuandikia ujumbe kwenye simu, maana vyako hubonyeza herufi tatu kwa mpigo.

4. Kwa mantiki yako, anayepaka rangi kuta za shule ndiye atakayemchagulia Mama wanja.

Hivyo naomba ujiuzulu. Ukikataa, naomba ufanye mtihani. Rubani wa ndege yangu ana ukubwa wa punje ya mchele. Mpake macho, yote mawili, kwa mashine yako, bila kumgusa mnyama yeyote. Ukifaulu, nitanyamaza.

Nisalimie mkaza mjomba na mafundi wote wa gereji, hasa yule aliyeniombea radhi kwa niaba yako.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
ambaye hajakasirika hata kidogo.

Baada ya kuandika: Kabla sijafunga bahasha, Mama amerudi na brashi ile ya pili. Nimeijaribu kwenye daftari. Nabonyeza ninapotakiwa kuvuta, navuta ninapotakiwa kubonyeza, na paka sasa ni wa fedha pande zote mbili. Ombi la kujiuzulu nimelifuta. Tafadhali njoo kesho unishike mkono mpaka nizoee, na usimwambie yule baba wa dukani.