Nyuzi Kumi na Mbili za Binamu wa Longonot

Jumatatu, 8 Septemba

Limefika! Gitaa la nyuzi kumi na mbili. Binti yangu Natalie amelituma kutoka Nairobi, zawadi ya kustaafu. Hiram ana nyuzi sita. Hesabu ni rahisi: mimi ni Hiram mara mbili.

Hiram ni fundi wa cherehani hapa Lanet. Amepiga gitaa kanisani miaka kumi na tano, mimi nikiwa nyuma kabisa na kayamba. Watu humsifu eti ni mpole. Kimya kingi kina mshindo, nasema mimi.

Pasta Kimeli ametangaza kwamba anayetaka kupiga wimbo wa sadaka Jumapili ya Mavuno aje asikizwe Ijumaa. Nitakuwa mimi. Mke wangu Mugure hajaniona mbele ya watu tangu siku ya harusi yetu, na siku hiyo nilitetemeka mpaka pete ikaanguka. Nataka anione mara moja tu nikiwa sitetemeki. Hilo sijamwambia. Nimemwambia tu asimtajie mtu habari ya gitaa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimegundua uzembe. Nyuzi zimepangwa mbili mbili, lakini katika jozi nne uzi mmoja ni mnene na mwenzake ni mwembamba. Aliyezifunga alikuwa anasinzia! Natalie kwa simu anasema ndivyo zinavyotakiwa kuwa, nisiguse, halafu nitumie programu ya simu kupata sauti sawa. Programu! Nimefanya kazi na mabomba ya mvuke Olkaria miaka ishirini na sita. Bomba likiugua nilikuwa nalisikia kabla ya mita.

Nimezipanga upya. Mnene na mnene, mwembamba na mwembamba, kama watu wenye akili. Nikakaza. Mmoja ukakatika, ukanichapa shavuni. Mugure akauliza kama gitaa limenishinda. Nikamjibu kwamba tunazoeana.

Jumatano, 10 Septemba

Shingo ya gitaa imepinda. Nyuzi zimeinuka juu, panya anaweza kupita chini yake bila kuinama. Kubonyeza ni kuumia vidole.

Sikubabaika. Ndani ya shingo kuna chuma chenye nati. Sheria ya mvuke ni moja: presha ikizidi, fungua. Nikafungua mzunguko mmoja. Shingo ikapinda zaidi. Maana yake presha bado ilikuwa nyingi, kwa hivyo nikafungua mwingine. Sasa hata paka anapita.

Mtu wa pekee anayejua mambo haya Lanet nzima ni Hiram. Nimwombe? Mimi? Afadhali nife na kayamba.

Baada ya chai. Nimepata! Mugure atampelekea, aseme ni la binamu yangu Njuguna wa Longonot. Sina binamu Longonot. Mugure akasema yeye ni mama wa kanisa na hadanganyi. Nikamweleza kwamba huo si uwongo, ni ndugu ambaye hatujakutana naye bado. Ameenda, lakini amenuna.

Alhamisi, 11 Septemba

Limerudi! Haiya, laini! Kidole kinagusa tu, lenyewe linaimba. Hiram amelifanyia kazi jana jioni na leo asubuhi. Ameweka uzi mpya badala ya uliokatika, na amerudisha ule mchanganyiko wa mnene na mwembamba, kosa lile lile, lakini nimemsamehe.

Ametuma pia ujumbe kwa binamu: aliyeligusa gitaa hili asiruhusiwe kuligusa tena. Mugure amenifikishia ujumbe huo mara tatu, na mara ya tatu sikuwa nimemuuliza.

Ijumaa, 12 Septemba

Balaa. Niliingia mazoezini kifua mbele, Pasta akaniambia nafasi imeshachukuliwa. Nikajua ni Hiram. Kumbe Hiram amejitoa mwenyewe! Amemwambia Pasta kwamba mwenye gitaa zuri namna ile lazima ni mpigaji hodari, aalikwe. Kwa hivyo wimbo wa sadaka utapigwa na Njuguna wa Longonot. Mimi nimepewa heshima ya kumpokea langoni na kumbebea gitaa.

Nimeshindwa na mtu ambaye hayuko. Mugure alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi.

Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi na mapema binamu akaugua tumbo. Nilimpigia Pasta simu kwa sauti ya huzuni. Nikasema mgonjwa ameniachia gitaa pamoja na neno, kwamba lisipigwe na mtu asiye wa ukoo wetu. Pasta akasema haya basi, Mzee Thuo, utapiga wewe. Ushindi!

Shida moja ndogo. Kina mama wa kanisa walishapika uji waende Longonot kumwona mgonjwa. Ilibidi Mugure awaambie ugonjwa unaambukiza. Akarudi nyumbani na uji wote. Akasema hajawahi kumwombea mtu asiyekuwepo, na mwenye binamu ndiye atakayeunywa. Nimekunywa vikombe vinne. Bado kuna sufuria.

Mchana nikavumbua jambo. Hiram amelegeza nyuzi zote, sauti iko chini, halafu ameibana shingo na kibanio wanachokiita kapo ili sauti ipande tena. Ndani ya mfuko wa gitaa kuna karatasi kwa mwandiko wake: nyuzi kumi na mbili huvuta kwa nguvu nyingi, ziachwe hapo hapo, zikikazwa zaidi daraja litang'oka. Daraja ni kile kipande cha mbao kifuani kinachoshika nyuzi.

Hujuma! Anataka nisikike chini yake. Nimetoa hicho kibanio na kukaza zote mpaka mahali pake. Kisha nikaongeza kidogo, kwa sababu ni Mavuno. Jioni nimeona kifua cha gitaa kimevimba. Hata lenyewe linajivuna.

Jumapili, 14 Septemba

Nilisimama mbele. Viazi vya Molo, kabeji, maziwa, jogoo wawili waliofungwa miguu, na mimi. Ubeti wa kwanza, sauti ilijaa mpaka kwenye mabati. Nikamwona Mugure safu ya tatu. Ameacha kununa, ameshika shavu, ananiangalia kama siku zile alipokuwa anakuja kwetu akisingizia kuazima jembe. Sikutetemeka. Naandika tena ili ibaki kwa kumbukumbu: sikutetemeka hata kidogo. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hiyo.

Ubeti wa pili, daraja likang'oka.

Mlio ulikuwa wa tairi la lori likipasuka. Mzee mmoja alilala chini ya benchi. Daraja lilitua katikati ya kabeji, na jogoo wakaanza kupiga kelele. Nilibaki nimeshika gitaa lenye nyuzi zinazoning'inia, na watu mia mbili wakinitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo nikasikia wimbo unaendelea. Hiram, kutoka kwenye benchi lake, alikuwa ameudaka kwa gitaa lake pale pale nilipouachia, taratibu, bila hata kuniangalia. Watu wakaimba. Wakaimba kuliko mwaka wowote! Nilikuwa nimewapasha moto vizuri.

Baada ya ibada kanisa zima lilipanga foleni kunipa pole nimfikishie Njuguna. Masikini mgonjwa, na sasa gitaa lake. Kwangu hakuna pole hata moja.

Hiram alikuja mwisho. Alikusanya vipande vyote, akatoa na majani ya kabeji, kisha akaniwekea mikononi gitaa lake mwenyewe.

"Piga hili Jumapili ijayo, Mzee Thuo. Hilo nitalitengeneza mimi." Akafunga zipu ya mfuko polepole. "Na umwambie binamu apate nafuu. Alianza vizuri sana."

Machozi yalinilenga, na hakukuwa na vumbi la kusingizia. Mugure alinishika mkono mpaka nyumbani.

Jumatatu, 15 Septemba

Gitaa la Hiram liko hapa mezani. Lilikuwa la marehemu baba yake, aliyelinunua miaka thelathini na moja iliyopita. Mimi si mtu wa kusahau wema. Wema wa jana haulipwi kwa asante tu, na nimekaa tangu asubuhi nikiwaza nitamrudishia nini.

Nimeliangalia kwa makini. Mbao safi. Sauti tamu. Lakini nati ya shingoni ina kutu, tena imekazwa! Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuifungua. Fundi mzuri namna ile, na presha yote hiyo imefungiwa ndani. Kweli watu hawajali vitu vyao.

Nimetia mafuta. Nimefungua mzunguko mmoja na nusu. Ilikuwa ngumu kidogo, ikalia kwa ndani, halafu ikakubali. Sijamwambia Hiram. Nataka aone mwenyewe.